"Iwe fundisho kwa wengine": tangu hamsa ishirini ya Mjerumani hadi mvua 30, anayefundishwa ni nani?

#1 Mtunza Jalada

Wakuu, salaam.

Ukisoma habari yoyote ya mahakamani utakutana na sentensi ile ile: wakili wa Serikali ameiomba mahakama itoe adhabu kali "ili iwe fundisho kwa wengine wenye tabia kama hiyo". Leo nataka tuwatafute hao "wengine". Ni akina nani, na hilo fundisho wanaliona wapi? Maana ukiifuata adhabu ya nchi hii, Tanzania, tangu miaka ya 1890, utaona ukali umepanda na kushuka, lakini kilichohama moja kwa moja ni watazamaji.

Naanza na kiboko, kwa sababu neno lenyewe lina historia ndani yake. Kiboko ni mnyama. Ngozi yake mbichi ilikatwa ukanda mrefu, ikakaushwa mpaka ikakakamaa, nene kwenye mshikio na nyembamba nchani. Fimbo hiyo ikachukua jina la mnyama. Baadaye hata pigo lake likaitwa kiboko, ndiyo maana leo mtoto anasema amechapwa viboko 4 wakati mwalimu alishika tawi la mpera.

Watu wengi hudhani Mjerumani alichapa ovyo tu. Alichapa ovyo, ndiyo, ila alikuwa na karatasi. Amri ya Chansela Hohenlohe ya 22 Aprili 1896, kwa Afrika Mashariki, Kamerun na Togo, ilitaja adhabu ambazo "mwenyeji" angeweza kupewa: kuchapwa, faini, kifungo cha kazi ngumu, kifungo cha mnyororo, na kifo. Kuhusu kuchapwa, masharti yalikuwa haya: mapigo yasizidi 25 kwa mara moja. Hukumu iweze kutekelezwa mara moja au mara mbili, na ya pili isije kabla ya wiki 2 kupita. Mwanamke wa umri wowote asichapwe. Mvulana chini ya miaka 16 apigwe kwa ufito tu, usiozidi mapigo 20. Mwarabu na Mhindi wasichapwe kabisa. Mzungu awepo wakati wa kuchapa, na mtu akaguliwe afya kabla ya pigo la kwanza. Halafu kila kitu kiandikwe kwenye daftari la adhabu.

Hapo ndipo lilipozaliwa jina lililobaki midomoni mwa wazee wa pwani: *hamsa ishirini*. 25.

Sasa jiulize: Sheria ya Jinai ya Dola ya Ujerumani ya 1871 haikuwa na adhabu ya kuchapwa hata moja. Kwao ilishakwisha. Huku ikafanyiwa uwanjani kwenye boma la Serikali, mbele ya watu. Kwa hiyo aliyekuwa anaambiwa jambo pale hakuwa mwenye mgongo peke yake.

Nitie nanga hapo, wenye nyama waongeze.

#2 Kivinje Kusini

Mkuu umeanza vizuri, lakini umeruka kifungu kinachoeleza kila kitu. Amri hiyo hiyo ya 1896 ilimruhusu mwajiri apeleke ombi kwa ofisa wa boma, na kibarua wake aadhibiwe kwa kuchapwa, au mnyororo usiozidi siku 14, au vyote viwili. Makosa yenyewe: uvivu, kutotii, kuzembea kazi kila mara, kuacha kazi bila sababu. Hakuna aliyeibiwa, hakuna aliyeumizwa. Mkataba wa kazi umevunjwa, na dawa yake ni mgongo.

Hapo ndipo unaona shabaha ya adhabu kwa umma wakati ule. Mashamba ya mkonge na pamba yalitaka mikono, na mikono haikutaka kwenda. Bernhard Dernburg, waziri wa makoloni, alipokuja mwenyewe 1907 alirudi Berlin akilalamika kwamba karibu kila Mzungu huku anatembea na mjeledi mkononi. Ni bosi wao anayesema hivyo, si sisi.

Na mnyororo msiupite haraka. Ulikuwa wa shingo: kila mfungwa na pete yake, watu kadhaa mnyororo mmoja. Anayetaka haja, wote wanasimama. Mmoja akiugua njiani wenzake wanamkokota. Walipitishwa mitaani wakibeba maji na mawe, wakachimba barabara. Serikali ilipata kazi ya bure na tangazo la bure kwa wakati mmoja.

#3 bint_Pangani

Nimekaa paleee na kahawa yangu.

Swali kwa mleta uzi: na miti je? Maana huku kwetu historia ya adhabu inaanza na kitanzi, kiboko kimekuja baadaye.

#4 Mtunza Jalada

bint_Pangani, uko sahihi dada. Abushiri bin Salim alinyongwa hapo hapo Pangani tarehe 15 Desemba 1889, miaka zaidi ya 6 kabla ya ile amri. Hassan bin Omari Makunganya alinyongwa Kilwa 1895, na Kivinje hadi leo wanapaita Mwembe Kinyonga. Mangi Meli na wenzake, jumla watu 19, Old Moshi, 2 Machi 1900. Halafu Songea, baada ya Majimaji: 27 Februari 1906, siku ambayo mpaka leo inakumbukwa kila mwaka kwa mashujaa 67.

Kwa hukumu ya kifo ya kawaida, amri ilitaka kibali cha Gavana kwanza. Lakini wakati wa uasi au vita kibali hicho kiliwekwa kando, ofisa wa eneo alimaliza mwenyewe. Kwa hiyo Meli na wale wa Songea, walionyongwa baada ya amri, waliangukia kwenye mlango wa dharura. Mwenye uzoefu wa sheria ataona: mlango wa dharura ndio uliotumika kwa watu wenye majina makubwa.

Na mti ulichaguliwa. Hawakuwapeleka porini. Walinyongwa mbele ya watu wao, machifu kwa manaibu wao. Kilichotokea ni kwamba fundisho lilisomwa kinyume: Mjerumani aliandika "ogopeni", watu wakasoma "kumbukeni". Leo Songea kuna makumbusho, na jina la aliyetoa amri hulijui mpaka ukalitafute.

#5 Mzee wa Kahawa Chungu

Vijana, mnaanza na Mjerumani kama vile kabla yake watu walikuwa hawakoseani.

Kabla ya boma, sehemu kubwa ya bara adhabu haikuwa ya serikali. Ilikuwa deni. Kwa Wakikuyu, kumuua mwanaume kulilipwa mbuzi au kondoo 100, au ng'ombe 10. Mwanamke 30, au ng'ombe 3. (Ndiyo, mizani ile haikuwa sawa, msinirukie mimi.) Wanaolipa ni ukoo, wanaopokea ni ukoo. Pwani kulikuwa na dia ya Kiislamu, yaani fidia ya damu. Aliyetazamwa kwenye hesabu hiyo ni aliyefiwa, na lengo ni koo mbili zisianze kuuana.

Mkoloni alipoingia alisema: hapana, kosa la kuua ni langu, Serikali ndiyo iliyokosewa. Muuaji akanyongwa, na familia ya marehemu ikarudi nyumbani mikono mitupu. Koo mbili zikabaki zinatazamana.

#6 wakili_pembeni

Nakazia kwa Mzee, na niongeze upande wa sheria.

Mwingereza alipochukua Tanganyika alileta kwanza Sheria ya Makosa ya Jinai ya India ya 1860. Mwaka 1930 akaiondoa, akaweka kanuni mpya kwa Kenya, Uganda na Tanganyika kwa pamoja, iliyonakiliwa kutoka nasaba ya sheria ya Queensland, Australia, ya 1899. Kwa hiyo "Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16" tunayoitumia Tanzania Bara ni mjukuu wa Australia.

Kuchapwa hakukufutwa, kulivalishwa suti. Kiboko cha ngozi kikatoka, ikaingia fimbo ya henzirani. Kikomo kikawa viboko 24 (kimoja pungufu ya Mjerumani, asije mtu akasema hatukupewa nafuu). Mwanamke hapana. Mwanaume wa zaidi ya miaka 45 hapana. Aliyehukumiwa kifo hapana. Daktari athibitishe mtu anaweza kustahimili. Na kwa kawaida sheria za Waingereza hazikuruhusu kuchapa kwa awamu: ukianza umemaliza, kwa sababu kumrudisha mtu na makovu mabichi kulionekana ni ukatili.

Jambo kubwa zaidi: kuchapwa kukahamia ndani ya ukuta wa gereza. Uwanja wa boma ukafungwa. Aliyebaki kuona ni askari magereza, daktari na mchapwaji.

#7 Ngome ya Yesu

Kwa kuwa mmefika kwenye ukuta: neno *gereza* asili yake ni *igreja* ya Kireno, yaani kanisa. Jengo la Mreno lenye kanisa ndani likawa ngome, na ngome ikawa pa kufungia watu. Fort Jesus ya Mombasa ilianza kujengwa 1593, na Mwingereza akaifanya jela kuanzia 1895 hadi 1958. Ngome ya Lamu ilikuwa jela tangu 1910 hadi 1984. Kisiwa cha Changuu, Zanzibar, wanachokiita Kisiwa cha Magereza, kilijengewa jela miaka ya 1890 lakini hakikufunga mfungwa. Kikawa karantini ya wagonjwa.

Na Zanzibar leo jela haiitwi jela. Kwa sheria ni Chuo cha Mafunzo. Jina linasema lengo ni kufundisha aliye ndani, si walio nje. Kama yaliyo ndani yanafanana na jina, huo ni uzi mwingine.

#8 Mtunza Jalada

wakili_pembeni, hilo la awamu ndilo nililokuwa nalingojea, maana ndipo stori inapogeuka.

Uingereza ilifuta kuchapwa kwa hukumu ya mahakama 1948. Tanganyika ikapata uhuru 1961. Mwaka 1963 Bunge letu wenyewe likapitisha Sheria ya Adhabu za Chini: kwa makosa yaliyoorodheshwa, kama rushwa, wizi wa mali ya umma, wizi wa mifugo, unyang'anyi, kuvunja nyumba, hakimu hana ruhusa ya kushuka chini ya miaka 2 jela *na* viboko 24. Na viboko hivyo kwa awamu mbili: 12 siku ya kuingia, 12 siku ya kutoka.

Wote mnajua maneno ya Mwalimu Nyerere kuhusu vile 12 vya mwisho. Hata 1995 alikuwa bado anayakumbusha: akatoke navyo, akamwonyeshe mkewe.

Hebu kaeni na hilo kidogo. Ukuta ulishafunga uwanja. Serikali ya uhuru haikurudisha uwanja. Ilitafuta mtazamaji mmoja tu, nyumbani, jioni, taa ikiwa imewashwa, shati linavuliwa. Kwa mkubwa wa ofisi aliyekula rushwa, jela peke yake angeweza kuiita safari. Makovu mabichi mbele ya mke hayana jina lingine. Hiyo ni akili ya mtu aliyejua jamii yake ilivyokuwa inaona aibu. Sisemi ilikuwa nzuri.

#9 Hakimu Mkazi wa Mawazo

Mkuu, umeipamba mno. Hebu tuangalie ilivyofanya kazi.

Adhabu ya chini inamnyang'anya hakimu mizani. Karani aliyechukua vitu vya shilingi chache na meneja aliyekomba ghala wanaanzia mstari mmoja. Sheria iliacha tundu dogo: kosa la kwanza, mali isiyozidi shilingi 100, na kuwe na "mazingira maalumu". Basi kesi za miaka ya 60 mwishoni zimejaa mabishano ya mazingira maalumu ni nini. Njaa ni mazingira maalumu? Kurudisha mali? Ujana? Mahakimu walikuwa wanasukuma ng'ombe kwenye tundu la sindano.

1972 sheria mpya ikaja, viboko vikaondolewa. 1989 vikarudi, na unyang'anyi ukapanda: miaka 15, na ukiwa na silaha au wenzako, miaka 30. Mwaka 1998 sheria ya makosa ya kujamiiana ikaweka ubakaji kwenye miaka 30 hadi maisha, pamoja na viboko na fidia. Ndiyo asili ya "mvua 30" za magazetini.

Na hapa ndipo inapovuja. Adhabu kubwa isiyopungua inamtisha shahidi kuliko mhalifu. Mbakaji mara nyingi ni mjomba, baba wa kambo, jirani anayelipa ada. Familia ikipiga hesabu ya miaka 30 inamalizana nyumbani: ng'ombe, fedha, kikao, mtoto anahamishiwa kwa bibi. Kesi inafika mahakamani, shahidi wa kwanza "amesafiri". Cesare Beccaria aliandika 1764 kwamba kinachozuia uhalifu ni uhakika wa adhabu, ukali unafuata nyuma. Amri ya 30 inapandisha ukali na kushusha uhakika kwa mkono huo huo.

#10 Kivinje Kusini

Mbona mnasema uwanja ulifungwa? Uwanja haujafungwa. "Wananchi wenye hasira kali" ni nani? Kibaka akikamatwa Kariakoo, dakika 10 tu tairi limepatikana. Umma uliotolewa kwenye adhabu ya Serikali ukajifungulia ya kwake.

#11 wakili_pembeni

Hapo mkuu tofautisha. Hilo ni kosa la mauaji, na wanaolifanya wanaangukia kifungu kile kile cha kunyongwa. Ila hoja yako ya mtazamaji naikubali, na Waingereza waliipitia kwao.

London walinyonga hadharani hadi 26 Mei 1868, Michael Barrett, nje ya gereza la Newgate. Sababu ya kuhamishia ndani haikuwa huruma peke yake. Umati ulikuwa unakuja kama sikukuu: pombe, nyimbo, madirisha yanakodishwa, na wachomoa mifuko kazini chini ya kitanzi. Kumbuka mpaka 1808 kuchomoa mfukoni kwenyewe kulikuwa kosa la kunyongwa. Fundisho linatolewa juu, mwanafunzi yuko chini anamwibia jirani.

Baada ya 1868 sheria iliweka karatasi mahali pa umati: daktari asaini cheti cha kifo, uchunguzi wa maiti ufanyike ndani ya saa 24, nakala zibandikwe kwenye lango la gereza. Umma haukuonyeshwa tena. Ulitaarifiwa. Makoloni kitanzi kiliendelea: Kenya, wakati wa Hali ya Hatari ya Mau Mau, walinyongwa zaidi ya 1,000 kati ya 1952 na 1958, akiwemo Dedan Kimathi, Kamiti, 18 Februari 1957.

#12 Wa Ngara

Mkitaka kuona uwanja ukirudi na ukaondoka tena katika miaka 10, tazameni jirani yetu Rwanda.

24 Aprili 1998 watu 22 waliohukumiwa kwa mauaji ya kimbari waliuawa hadharani kwa risasi, Kigali na miji mingine. Kulikuwa na tatizo la mizani: mahakama ya Umoja wa Mataifa, Arusha, adhabu yake ya juu ilikuwa kifungo cha maisha. Kwa hiyo mpangaji mkubwa aliyepelekwa Arusha hanyongwi, na mtekelezaji mdogo aliyebaki Kigali anauawa. Rwanda ilipiga kura ya kuipinga mahakama hiyo 1994, na hiyo ilikuwa mojawapo ya sababu.

2007 wakafuta adhabu ya kifo, ili pia nchi nyingine na Arusha wakubali kuwarudishia watuhumiwa. Na wakati huo Gacaca zilikuwa zimeenea nchi nzima tangu 2005: majaji ni watu wa kijiji wasio na shahada, wanaitwa *inyangamugayo*, wamekaa kwenye nyasi. Zilipofungwa 2012 zilikuwa zimepitia kesi karibu milioni 2. Anayekiri na kusema alipozika maiti anapunguziwa, sehemu ya kifungo inageuzwa kazi za jamii. Watazamaji ni wale wale waliofiwa, na tofauti na Pangani, hao walipewa nafasi ya kusema.

Kasoro zake zilikuwa kubwa: hakuna wakili, visasi vya mashamba vikavaa sura ya ushahidi, mashahidi wengine wakauawa. Lakini magereza yalijaa, na mahakama za kawaida zisingemaliza kesi hizo hata karne nzima.

#13 bint_Pangani

Kwa hiyo Tanzania tuko wapi kwenye kitanzi? Kila wiki nasikia "kunyongwa hadi kufa", sisikii aliyenyongwa.

#14 Hakimu Mkazi wa Mawazo

Hukumu kwa kosa la kuua kwa kukusudia ni moja tu, jaji hana chaguo. Wanaoepuka: aliyekuwa chini ya miaka 18 alipotenda kosa, na mwanamke mjamzito. Baada ya rufaa, jalada na taarifa ya jaji vinakwenda kwa Rais. Ana njia tatu: asaini, abadilishe, au asamehe. Kwa miongo mitatu njia iliyotumika sana ni ya nne, ambayo haimo kwenye maandishi: jalada linakaa. Utekelezaji wa mwisho ulikuwa 1994.

Mwaka huo huo Jaji Mwalusanya, kwenye kesi ya Mbushuu, alisema adhabu ya kifo inavunja Katiba. Mahakama ya Rufani Januari 1995 ikakubali kwamba ni ya kikatili na ya kudhalilisha, kisha ikasema Katiba inairuhusu hata hivyo, kwa maslahi ya umma. Uganda ilifuta ulazima wake 2009, kesi ya Susan Kigula, Kenya Desemba 2017, kesi ya Muruatetu. Sisi bado, ingawa Mahakama ya Afrika hapo Arusha ilishasema Novemba 2019 kwamba ulazima huo unavunja haki ya kuishi.

#15 Mzee wa Kahawa Chungu

Kwa hiyo tuna fundisho ambalo mwalimu mwenyewe anaogopa kuingia darasani.

Nirudi kwenye deni langu. Sheria ya sasa inamruhusu hakimu aamuru fidia kwa aliyeumizwa, juu ya kifungo. Waendesha mashtaka wengi hawaiombi. Wanaomba "fundisho". Nanyi mlioumizwa ombeni fidia, wakati wa kusomewa adhabu, mkiwa na risiti za hospitali mkononi. Hakimu hawezi kukadiria hewani.

#16 Kijana wa Sero

Uzi wa moto. Swali la kizembe: mtu akihukumiwa viboko tu, bila jela, anakata rufaa ndani ya muda gani? Siku 45 si watakuwa wameshamchapa?

#17 wakili_pembeni

Si la kizembe kabisa. Kwa adhabu nyingine, notisi ya kusudio la kukata rufaa inatolewa ndani ya siku 10 tangu hukumu, na rufaa yenyewe ndani ya siku 45, ukitoa muda wa kungoja nakala ya hukumu. Kwa hukumu ya viboko peke yake, Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya 1985 iliweka notisi ndani ya siku 3. Mfungwa anaweza kuachiwa rufaa ikishinda, faini inarudishwa. Kiboko hakirudishwi, kwa hiyo mwambie karani wa mahakama siku ile ile, kwa maandishi, kabla mshtakiwa hajashuka ngazi.

#18 Kijana wa Sero

Siku 3, na Jumamosi na Jumapili zikiwa katikati.